Shangazi, Aliyeuliza Prosesa Inangoja Nini

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kituo chetu cha tahadhari ya mafuriko, mhandisi mkuu wa mifumo atarudisha kadi ya mlangoni, na kuanzia Jumatatu inayofuata hatakuwa na sababu ya kuamka kabla ya jua. Kwenye barua za ofisi ana cheo kirefu na jina refu zaidi. Sisi sote, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, tunamwita Shangazi, na makala haya yatamwita hivyohivyo, kwa kuwa akitajwa kwa jina kamili nusu ya wasomaji watauliza ni nani huyo.

Jina hilo lina asili yake. Zamani mtoto wa kaka yake aliajiriwa hapa kuwa mchora ramani, na kila asubuhi alikuwa akichungulia chumba cha kompyuta na kusema, "Shikamoo, shangazi." Fundi umeme aliyekuwa akipitisha nyaya darini alisikia, akadhani ni cheo. Siku iliyofuata alibisha hodi na kuuliza kwa heshima zote kama Shangazi wa Kompyuta yupo. Mchora ramani alihamia kazi nyingine miaka mingi iliyopita. Cheo alichompa shangazi yake kimebaki, na hakuna bodi iliyowahi kukijadili.

Alipoanza, kazi yake ilikuwa kuangalia mashine zisizime na karatasi zisikwame. Chumba kilikuwa baridi kama friji ya bucha, na waliomtangulia walikuwa wakiingia mbio na kutoka mbio. Yeye aliomba koti. Kaka yake mkubwa, fundi cherehani mwenye duka katika mtaa wa chini, kule kando ya mto, alimshonea koti zito la kijivu lenye mifuko minne, na ndani ya koti hilo Shangazi akakaa na mashine kuliko mtu yeyote. Anayekaa na mashine huishia kuzisikiliza. Akasoma masomo ya jioni, akapata shahada, akaongeza nyingine, na alipofika kuwa mhandisi mkuu koti lilikuwa limebadilishwa bitana mara tatu.

Wenzetu wa usafiri na wa jikoni wamewahi kuniuliza Shangazi hasa hufanya nini, maana wakipita humwona ameshika kikombe anatazama tarakimu. Swali ni halali, na jibu lake si gumu. Fikiria duka la kaka yake. Uzi na mkasi viko mezani. Anavifikia bila kuinua macho. Vifungo viko kwenye droo, anainama kidogo. Majora ya vitambaa yako ghalani, ng'ambo ya barabara. Akihitaji moja, cherehani inanyamaza mpaka lifike. Prosesa ya kompyuta ni fundi huyo. Ina meza yake ndogo, tunayoiita kache, na ina ghala kubwa lililo mbali, ndiyo kumbukumbu kuu. Ikikosa kitu mezani ikalazimika kungoja ghala, inapoteza muda ambao ingepiga hesabu mamia. Sasa, waliounda prosesa walitia ndani yake vihesabio vidogo vinavyoandika mambo kama haya: vitu viliombwa mara ngapi, kache ilikosa mara ngapi, prosesa ilisimama ikingoja kwa muda gani. Kazi ya Shangazi ilikuwa kuvisoma vihesabio hivyo programu ikiwa inakimbia, kisha aseme inachelewa wapi na kwa nini. Swali lake la kwanza lilikuwa lilelile siku zote: "Inangoja nini?"

Kuisoma namba ni rahisi. Ugumu ni kujua namba hiyo imejibu swali gani, na somo hilo yeye mwenyewe alilipata mbele ya watu. Prosesa ina vihesabio vichache, vya kuhesabika kwa vidole. Katika mwaka wake wa kwanza wa kazi hiyo, Shangazi aliagiza mambo ishirini yahesabiwe kwa mpigo. Mashine haikukataa. Ilifanya kama mpishi mmoja mwenye masufuria ishirini: ilionja hili kidogo, ikarukia lile, kisha ikakisia yaliyotokea ilipokuwa imegeuka. Ripoti ikatoka ikisema kache ilikosa vitu vingi kuliko ilivyoombwa. Mkuu wa wakati ule, mzee mwenye sauti ya tarumbeta, aliisoma mbele ya kikao kizima, akavua miwani, akauliza: "Binti yangu, mtu ameomba maji mara kumi, akanyimwa mara kumi na tatu. Hizo tatu alinyimwa na nani?" Kikao kilicheka mpaka vikombe vikapinduka. Shangazi alicheka pia, na hadi leo hakuna anayekisimulia kisa hicho vizuri kama yeye.

Tangu hapo aliuliza machache kwa wakati mmoja, akarudia kupima, na akaanzisha desturi ambayo wageni huiona kuwa mchezo. Hakuna anayeruhusiwa kufungua matokeo kabla hajaandika ubaoni anachotarajia kukiona. Atakayekuwa mbali zaidi na ukweli anachemsha chai ya idara nzima. Sababu yake ni nzito kuliko chai. Ukiiona namba kwanza, utaitafutia maelezo yoyote, nayo itakubali, kwa sababu haina mdomo wa kukukatalia. Ukikisia kwanza, inaweza kukuumbua, na hapo ndipo unapojifunza. Shangazi alikosea kwa nadra, kwa hiyo alichemsha chai kwa nadra, na kwa kukosa mazoezi chai yake ilikuwa mbaya kupita kiasi. Kila alipoandika ubaoni tulimwombea apatie, kwa ajili ya matumbo yetu.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka huu, ambalo bila hilo sherehe hii ya kumuaga ingekuwa na sura nyingine.

Kituo kilipata ramani mpya ya mji, inayougawa mtaa wa chini katika vipande vya ukubwa wa chumba. Kwa mara ya kwanza programu yetu ya kubashiri mafuriko ingeweza kusema maji yatafika mlango upi na kwa kina gani, badala ya kusema tu kwamba mto utajaa. Tatizo lilikuwa uzito wake. Vipimo vya huko juu ya mto vikionyesha maji yanapanda, maji huchukua kama saa sita kufika mtaa wa chini. Programu ilikuwa inatumia zaidi ya saa tano. Tahadhari inayofika maji yakiwa yamekata kona haimwokoi mtu. Uongozi ukaamua kwamba isipopatikana njia kabla ya mvua kubwa, tutarudi kwenye ramani ya zamani, ambayo iliuhesabu mtaa wa chini na kilima cha jirani yake kuwa kipande kimoja. Shangazi alisema kikaoni maneno ambayo bado yananukuliwa: "Ukijumlisha kilima na bonde ukagawa kwa mbili, unapata uwanja tambarare wasikoishi watu."

Lazima isemwe pia kwamba kwake hili halikuwa la kazi peke yake. Kaka yake alikuwa bado kule kando ya mto, amegoma kuhama. Ana cherehani sita za chuma, na kuzipandisha ghorofani kunataka wanaume wanne na kelele nyingi. Kila wingu lilipotanda alipiga simu ofisini: "Dada, nipandishe nisipandishe?" Mara mbili alipandisha kwa kufuata ramani ya zamani, maji yasije, majirani wakamcheka. Mara ya tatu hakupandisha, maji yakamkuta ndani, akapoteza majora yote ya rafu za chini na karibu apoteze mguu. "Wewe na kompyuta zako," alimwambia dada yake, "chura wa hapa mtaroni anabashiri kuliko nyinyi." Shangazi aliweka simu chini akarudi kwenye tarakimu, na sisi tuliomzoea tulijua neno hilo litamkosesha usingizi.

Kazi ya kuiharakisha programu walipewa waandika programu wawili tunaowaita Mapacha, ingawa mmoja ni mrefu kama nguzo na mwenzake ni mfupi tena amemzidi miaka tisa. Hukaa meza moja na kumaliziana sentensi. Siku ya vipimo vya kwanza Shangazi aliandika ubaoni kwamba kache itakuwa inakosa vitu thelathini kwa mia. Matokeo yakafunguliwa. Prosesa zote zilionyesha zina shughuli kwa asilimia mia, na kache ilikuwa inakosa vitu vitatu tu kwa mia. "Kumbukumbu haina hatia, Shangazi," alisema Pacha mrefu. "Hesabu zenyewe ndizo nyingi," akamalizia mwenzake. Shangazi alikuwa amekosea kuliko wote chumbani. Alikwenda jikoni bila kunung'unika, akachemsha chai, tukainywa kishujaa.

Wengine wangeishia hapo. Yeye aliona kwamba mtu aliyekosea kwa umbali ule amegundua kitu: kuna jambo analoliamini ambalo si kweli, na sasa anajua litafutwe wapi. Akaanza na hiyo asilimia mia ya shughuli. Mtu aliye kwenye foleni ya dawa naye ana shughuli. Ukimpigia simu atakwambia hana nafasi. Vivyo hivyo, prosesa inayongoja ghala huonekana ina kazi sawa na ile inayopiga hesabu. Akauliza kihesabio kinachopima kungoja. Jibu likaja kwamba katika kila sehemu kumi za muda wake, saba prosesa ilikuwa imesimama ikiisubiri kumbukumbu.

Hapo wakawapo mashahidi wawili wanaopingana. Mmoja anasema kache haikosi kitu, mwingine anasema fundi anashinda akingoja ghala. Mapacha walitaka kumfukuza shahidi mmoja. Walisema kihesabio kimeharibika. Shangazi akawaambia, "Hakijaharibika, wanangu. Hivi vitu havisemi uongo, ila vinajibu vilichoulizwa tu. Mlikiuliza nini?"

Walipokwenda kusoma maelezo ya watengenezaji, ukurasa kwa ukurasa, fumbo likafunguka. Ndani ya prosesa kuna sehemu inayobashiri. Ikiona fundi amechukua jora la kwanza, la pili na la tatu, inakwenda yenyewe kuleta la nne kabla halijaitwa. Ni msaada mkubwa. Lakini kihesabio walichokitumia Mapacha kilihesabu safari ambazo programu yenyewe iliziagiza. Safari za mbashiri hakikuzigusa. Ndiyo maana ilionekana kana kwamba hakuna aendaye ghalani. Kumbe barabara ilikuwa imejaa mizigo ya mbashiri mpaka haipitiki, na fundi alikuwa anangoja vitu ambavyo vilikwisha kuagizwa zamani, viko njiani kwenye foleni.

Hilo lilikuwa wazo zuri, na Shangazi hakuwahi kulala na wazo zuri bila kulipima. Mlangoni mwa kumbukumbu kuna vihesabio vingine, visivyojali nani kaagiza. Kila mzigo unaopita unahesabiwa. Kasoro yake ni kwamba vinahesabu mashine nzima, kazi za watu wote pamoja. Basi akapita mlango kwa mlango akiomba kila idara ifunge programu zake saa ya chakula cha mchana. Mkuu wa takwimu alilalamika kwamba anafukuzwa kwenye kiti chake. "Hufukuzwi, kaka, unakwenda kula," alijibiwa. Ubaoni Mapacha waliandika kwamba barabara itakuwa imejaa nusu. Shangazi aliandika neno moja: pomoni. Ikawa pomoni. "Chai yangu," alisema Pacha mrefu. "Yetu," akasema mfupi, na chumba kizima kikashusha pumzi, kwa sababu mbili tofauti.

Ilibaki kujua mizigo hiyo ni ya nini. Katika programu ile, kila kipande cha ramani kilikuwa kimefungwa furushi moja lenye habari ishirini: mwinuko wa ardhi, kina cha maji, aina ya udongo, namba ya mtaa, siku kilipopimwa, na kadhalika. Hesabu ya mwendo wa maji ilihitaji mbili za kwanza tu. Lakini kumbukumbu haifungui furushi njiani. Inaleta vilivyokaa pamoja. Kwa kila habari mbili zilizotakiwa, kumi na nane zilipanda gari bure. Mapacha wakazitenganisha, mwinuko wa ardhi ukakaa safu yake na kina cha maji safu yake. Ni jambo jepesi kulieleza na zito kulitenda, maana programu nzima ilikuwa imejengwa juu ya mafurushi.

Siku ya kujaribu, Pacha mrefu alitoka chumba cha kompyuta uso umemshuka. Kache sasa ilikuwa inakosa vitu kumi na viwili kwa mia, mara nne ya zamani. "Tumeiharibu, Shangazi," alisema. Mwenzake safari hii hakuwa na la kumalizia. Shangazi akauliza kitu kimoja: programu imechukua muda gani? Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameangalia. Nadhani ni sisi tu duniani tunaoweza kukosea hivyo, kukodolea macho asilimia na kuisahau saa iliyo ukutani juu ya vichwa vyetu. Walipoangalia, kazi ya saa tano na zaidi ilikuwa imekwisha kwa chini ya saa moja.

Inakuwaje asilimia izidi kuwa mbaya na kazi izidi kuwa nzuri? Shangazi alilieleza ubaoni, nami nalirudia kwa faida ya wote. Namba zilipokaa mfululizo, prosesa ilianza kuchota nane kwa mkono mmoja. Kazi iliyohitaji maombi mia nane sasa inahitaji maombi mia. Zamani katika yale mia nane ilikosa ishirini na nne, ndiyo tatu kwa mia. Sasa katika mia inakosa kumi na mbili. Kukosa kumepungua nusu, na asilimia imepanda mara nne, yote kwa pamoja na bila uongo wowote. Asilimia ina wazazi wawili. Ukimwona mtoto amebadilika, kawaulize wote.

Mvua kubwa ilikuja mapema kuliko tulivyoitarajia. Asubuhi ya siku ya kazi vipimo vya juu vilianza kupanda kwa namna ambayo wengi wetu hatujaiona. Programu ikaendeshwa. Chai ya asubuhi ilikuwa haijapoa kwenye chupa wakati ramani ya mtaa wa chini ilipojitokeza ukutani, mlango kwa mlango, na tahadhari ikatoka kwa simu za watu wote wa kule. Siku hiyo Shangazi hakungoja kupigiwa. Alipiga yeye, nasi tuliokuwa karibu tulisikia sauti ya kaka yake kutoka kwenye simu, maana haongei, hutangaza: "Una hakika, au ni kama siku zile?" Akamjibu, "Maji yatafika magotini mlangoni kwako. Kwa jirani yako muuza viatu hayaingii, kibaraza chake kimeinuka. Pandisha, kaka." Akapandisha. Majirani waliokuwa wakimcheka walikuja kumsaidia kubeba cherehani na majora, kwa sababu na wao walikuwa wameambiwa maji yatafika wapi kwao.

Mchana maji yakaja. Yalifika chini kidogo ya goti, na Shangazi anashikilia kwamba goti la kaka yake liko juu kuliko la watu wengine. Kwa muuza viatu hayakuingia. Katika mtaa ule wote hakuumia mtu. Ofisini hakuna aliyeshangilia. Tulikaa tu, kila mmoja mahali alipokuwa. Mkurugenzi alivua viatu, Pacha mfupi alilaza kichwa mezani. Shangazi alikuwa amesimama dirishani na simu mkononi. Ilipolia, sauti ile ilijaza chumba tena: "Dada! Chura anaomba radhi." Alicheka mpaka akakaa chini, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii tulimwona akivua koti akiwa bado zamu.

Ramani ya zamani imeondolewa. Mapacha ndio watakaovisoma vihesabio kuanzia Julai, na wamekwisha kuapa kuanza na saa ya ukutani. Koti la kijivu linabaki kwenye msumari wake kwa ajili ya yeyote atakayekubali kukaa na mashine; kwa Pacha mrefu linaishia kiunoni, kwa mfupi linafagia sakafu, lakini hakuna anayeliachia. Kwenye sherehe Shangazi atavaa gauni la buluu. Atakayelisifia ajue kwamba limekatwa kwenye jora lililokuwa rafu ya chini kabisa siku ile ya mvua. Kaka yake ana majora mazuri kuliko hilo. Alikataa katakata kushona kutoka jingine.

Shangazi, kwa niaba ya kituo kizima, na kwa niaba ya mtaa ambao hautajua kamwe kache ni kitu gani, ahsante. Nenda ukalale mpaka jua likuchoke. Mvua ikinyesha, isikilize kama wanavyoisikiliza watu wengine, kwa raha ya sauti yake tu. Tunakuombea afya, miguu isiyouma, na kaka anayepiga simu kukujulia hali.

Limebaki moja. Jana, akikusanya vikombe vyake, Shangazi aliandika ubaoni utabiri wake wa mwisho: "Hamtanihitaji." Idara nzima imeandika kinyume chake. Sheria ni ileile aliyoiweka mwenyewe: akikosea, atarudi kuchemsha chai. Miaka yote tulimwombea apatie. Safari hii tunaomba akosee, na chai hiyo tutainywa mpaka tone la mwisho.